Kumwachia Mwenzio Moto

Supu ya kichwa cha mbuzi unayokunywa Donholm asubuhi ya Jumapili, ukipuliza kijiko na kumshukuru Mungu, haikuanzia kwenye sufuria. Kabla ya sufuria kulikuwa na mtu aliyekishika kichwa hicho kikiwa bado na manyoya, masikio na macho yake mawili, akakifanya kiwe chakula. Kwa miaka mingi mtu huyo, kwa sehemu kubwa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, amekuwa Kasiva, na wanywaji wa supu hawajawahi kumtumia hata salamu. Yeye hakununa. Alisema mwenye njaa hapaswi kusumbuliwa na maswali.

Kasiva ni Mkamba wa Mwingi aliyehamia Nairobi akiwa msichana, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja, Muoki. Anakaa mtaa wa Lucky Summer, nyumba ya vyumba viwili yenye pazia la maua. Kila siku kabla jua halijapata nguvu huwa ameshafika Kiamaiko, kunakochinjwa mbuzi, kwenye uwanja mdogo nyuma ya kichinjio. Pale ananunua vichwa na miguu, anavibabua motoni mpaka manyoya yaishe, anavikwangua kwa kisu, anaviosha, anavipasua kwa panga, kisha wauzaji wa supu wanakuja kuchukua. Ni kazi yenye harufu, na harufu hiyo haiachi nguo hata ukifua kwa sabuni ya aina gani. Lakini Muoki alisoma kwa vichwa hivyo hadi akawa karani katika ofisi yenye lifti, na mama yake akikusimulia habari za lifti hiyo utadhani aliijenga yeye.

Moto wa pale uwanjani ulikuwa mmoja, na wanawake waliokuwa wakiuzunguka walipata kumi na wachache. Waliuwasha kwa vipande vya mbao kutoka kwa maseremala na kwa matairi yaliyochakaa, kwa kuwa tairi linawaka kwa hasira na manyoya hayabishani nalo. Moshi wake ulikuwa mweusi, mnene, na ulikuwa hauchagui nani wa kumwingia puani. Aliyeuvuta muda mrefu kuliko wote ni Truphena, mama wa Willis, Mluo mwenye mabega mapana na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi kila akipanda ngazi.

Moto huo ulikuwa na sheria yake, ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote. Ukimaliza vichwa vyako, humwachii mwenzio majivu. Unaongeza kijiti, unasukuma kipande cha tairi, unahakikisha ndimi zinaruka vizuri, ndipo unainua beseni lako na kuondoka. Mvivu angeweza kusamehewa, mdomo mrefu angeweza kusamehewa, hata aliyeiba mguu wa mbuzi angepigwa maneno na yakaisha. Lakini mwanamke aliyeambiwa "wewe ulimwachia mwenzio majivu" alikuwa ameambiwa jambo zito kuliko tusi la mzazi. Truphena ndiye aliyemfundisha Kasiva sheria hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha namna ya kushika kichwa kwa masikio.

Basi kaunti ikaja na neno lake: matairi marufuku. Na haki yao, maana watoto wa mtaa walikuwa wanakohoa. Askari wa kaunti wakaanza kumwaga maji motoni na kubeba mabeseni. Kabla kina mama hawajajua washike wapi, wakaitwa kwenye mkutano katika ukumbi wa kanisa, waambiwe habari njema.

Habari njema ililetwa na watu wawili. Mmoja ni Wathome, ofisa wa mazingira wa kaunti, mtu mpole anayependa kukunja mikono ya shati kabla ya kusema. Mwingine ni Elsie, mwanamke aliyetumwa na wawekezaji, aliyekuwa na Kiswahili safi na viatu visivyoogopa matope. Elsie alieleza kwamba uchafu wa matumbo ya mbuzi, ambao siku zote ulikuwa unaishia mtoni, utaingizwa kwenye tangi kubwa, uchachuke, utoe gesi. Gesi hiyo itachemsha maji ya kichinjio, na inayobaki itauzwa kwa mahoteli. Hewa itasafika, na kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia moshi wao zitalipia usafi huo. Akabandika ramani ukutani, na watu wakapiga makofi, kwa sababu ilikuwa ramani ya rangi.

Kasiva alisimama akaisogelea. Akaweka kidole pale palipochorwa tangi.

"Hapa ndipo ninapokaa mimi nikichoma vichwa," alisema.

Elsie akatazama ramani, akamtazama yeye, akasema bila kuzunguka, "Samahani, mama. Tulipopima tuliambiwa ni uwanja mtupu. Hatukuwaona."

"Moshi wetu mliuona," Kasiva akamjibu. "Mlikuja kwa sababu ya moshi wetu. Sasa moshi unajichoma wenyewe?"

Watu walicheka, na Elsie hakucheka. Wathome akaingilia, akakunja shati, akasema kaunti imefikiria kuwapa kina mama kifuta jasho kidogo ili watafute mahali pengine.

"Bwana Wathome, ukinifuta jasho leo, kesho nitatokwa na lingine. Utakuja tena?" Kasiva aliuliza. "Sisi hatukatai gesi. Nani anapenda tairi? Kifua cha Mama Willis kinapenda tairi? Tunachosema ni hivi. Miaka yote moshi tumeula sisi. Leo limekuja la kuliwa bila kukohoa, mnatuambia tutoke mezani?"

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kama Kasiva asingekwenda siku ile, leo kwenye uwanja ule kungekuwa na tangi na ukuta, na kina mama wangekuwa hadithi. Mabishano yalikuwa marefu, ila mwisho wake ulikuwa huu: tangi litasogezwa pembeni, na kina mama watawekewa majiko manne ya gesi. Watajaribu mpaka Pasaka. Gesi ikitosha maji ya kichinjio na majiko ya kina mama, basi kikundi chao kitapata sehemu ya umiliki na kiti kwenye bodi. Isipotosha, maji ya kichinjio yatatangulia, gesi nyingine itauzwa hotelini, na wao watahama. Kasiva alikubali mbele ya watu wote, akijua kwamba amefunga shingo za wenzake pamoja na yake.

Kuwashawishi wenzake kulikuwa kazi nyingine.

"Gesi ya mavi ichome kichwa ya kukula?" Truphena aliuliza, mikono kiunoni. "Wuololo! Mama Muoki, wewe umerogwa na hiyo ramani."

"Na wali unaokula, Mama Willis, shamba lake lilitiwa manukato?"

Truphena alicheka mpaka kifua kikapiga filimbi, na hiyo ikahesabiwa kuwa kura ya ndiyo.

Injinia wa mradi alikuwa Gordon, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, mzaliwa wa mtaa huu huu. Yeye ndiye aliyelaza mabomba, na yeye ndiye aliyewafundisha kina mama kutumia majiko: hivi unafungua koki, hivi unawasha, ukimaliza unafunga. Kina mama wakaitika ndiyo, ndiyo, kama wanavyoitika kila mgeni anayewafundisha kitu, kwa sababu kumkatiza mgeni ni utovu wa adabu. Kisha akawasha jiko la kwanza.

Moto ulitoka wa buluu, mdogo, mkali, usio na moshi hata wa kumliza nzi. Kichwa cha kwanza kilikwisha manyoya upesi na Kasiva akakiinua juu watu wakione. Kitu kilichomgusa zaidi ni uso wa Truphena. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amezoea kuuona uso huo nyuma ya pazia la moshi, na sasa aliuona wote, mikunjo na vishimo vya mashavuni, akagundua kwamba rafiki yake alikuwa mwanamke mzuri. Alimwambia hivyo. Truphena akamwambia aache upuuzi, akajipangusa uso kwa leso.

Furaha hiyo haikudumu. Siku chache baadaye, gesi ilianza kuisha kabla ya saa sita mchana. Majiko yanafifia, yanakohoa, yanazimika, na kule ndani ya kichinjio maji yanabaki baridi. Kaha, msimamizi wa kichinjio, ni mtu ambaye hata akiwa na furaha hupiga kelele, sembuse akiwa na maji baridi na sakafu yenye mafuta.

Gordon akafukua bomba la kwanza, akalipaka povu la sabuni kutafuta tundu, hakuona kitu. Akafukua la pili. Uwanja ukawa mitaro mitupu. Kina mama walikuwa wanaruka na mabeseni kichwani, wakimsengenya kwa lugha nne.

Kisha ukazuka uvumi kwamba wanawake wa vichwa wanajaza gesi kwenye tyubu za magari na kwenda kuiuza mtaa wa Huruma. Nani aliuanzisha hajulikani mpaka leo, ila Kaha aliuamini papo hapo, akaweka mlinzi wa kukagua mabeseni getini. Kasiva, mwanamke aliyelea na kuzika na kusomesha, akafunuliwa leso mbele ya watu ionekane kama ameficha tyubu. Alirudi uwanjani akasimama juu ya mtaro, akapaza sauti.

"Mwizi ni bomba lenu! Mmelaza mabomba mabovu halafu mnafunua wanawake leso! Gordon, kazi yako ni ya hovyo, na nitasema hivyo popote!"

"Mathe, pole, lakini hizi paipu ziko fiti," Gordon alisema kutoka shimoni, matope mpaka magotini. "Nimezicheki zote. Ama ni mimi nimechanganyikiwa, sijui."

Maneno ya Kasiva yalifika mbali. Elsie alipiga simu kwamba atakuja Jumatano yeye na Wathome, wakate shauri. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Watu walisema Gordon atafukuzwa, na kwamba kina mama watapewa nafasi nyingine, kwani kosa si lao. Truphena alisema Mungu halali.

Asubuhi ya Jumatano hiyo Kasiva alimaliza vichwa vyake mapema. Akapandisha moto kidogo kwenye koki, akainua beseni, akaenda kwenye bomba la maji. Katikati ya njia akakumbuka kisu chake na kugeuka nyuma.

Wenzake walikuwa wamekaa kwenye vibao vyao, wakikwangua na kupiga soga. Truphena alikuwa anasimulia habari za harusi. Na nyuma yao majiko yote manne yalikuwa yanawaka kwa nguvu zote, buluu tupu, bila kichwa, bila mguu, bila hata sufuria ya chai. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake moto. Moto ulikuwa unamngoja mtu kwa adabu, na mtu hakuwa na haraka.

Gordon alikuwa amepita hapo mara ngapi? Aliona majiko yanawaka na kina mama wako kazini, akaona kila kitu kiko sawa. Na kina mama waliona hivyo hivyo. Walikuwa wakifunga koki jioni tu, wakienda nyumbani, na mara nyingi moto ulikuwa umeshazimika wenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kasiva aliweka beseni chini, kwa sababu lilikuwa limekuwa zito ghafla. Kwanza aliona haya, maana jiko moja kati ya yale manne lilikuwa lake na alikuwa amelipandisha kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaona hofu. Akinyamaza, mabomba yatalaumiwa, Gordon atakwenda zake, na kina mama watapata muda mwingine. Akisema, atakuwa amewapa wakubwa kisu na kuwaonyesha shingo. Alimfikiria Gordon shimoni na matope yake, na mtoto wake mchanga. Aliwafikiria wenzake. Sitamsingizia kwamba alikuwa jasiri tangu mwanzo. Alitamani sana asingekuwa amesahau kile kisu.

Mkutano ulifanyika pale pale uwanjani, kwenye viti vya plastiki kati ya mitaro. Wathome alikunja shati, akasema majaribio hayaendi, na inaonekana tatizo ni kazi ya mabomba, kwa hiyo injinia—

"Si mabomba," Kasiva akasema.

Wote wakageuka. Gordon, aliyekuwa amekaa pembeni akitazama viatu vyake, akainua kichwa.

"Juzi nilisimama hapa nikamtukana huyu kijana. Nilikosea. Gordon, mwanangu, unisamehe, na nasema mbele ya watu kwa sababu nilikutukana mbele ya watu. Gesi inaisha kwa sababu yetu. Tunaiacha iwake."

"Mama Muoki!" Truphena alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Unatuuza?"

"Mficha uchi hazai, Mama Willis. Kaa." Kisha akawageukia wageni, akawaeleza. Akawaambia habari za majivu na kijiti, na kwa nini mwanamke wa Kiamaiko hawezi kuondoka motoni bila kuuacha ukiwaka. Hakuna aliyekuwa amewahi kuieleza sheria hiyo kwa sauti, kwa kuwa wote waliokuwa wanaihitaji walikuwa wanaijua. Alipokuwa akiisema, sauti yake ilipanda. Haikuwa tena sauti ya kuomba radhi. Ilikuwa nzuri, sheria ile, na aliisikia uzuri wake kwa mara ya kwanza.

Elsie alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini mlifundishwa kufunga koki," alisema taratibu. "Mbona hamkusema kwamba haiwezekani?"

"Madam, wewe unaweza kuzima moto na mwenzako bado ako na vichwa kwa beseni?" Truphena akamjibu. "Hiyo ni kumwambia aende akufe njaa. Mimi? Nimezeeka hapa sijawahi zimia mtu moto."

"Basi mambo yamekwisha," Kaha alisema. "Si wamekiri wenyewe? Gesi iende hotelini."

"Hayajakwisha," Kasiva akasema. "Ninyi hamkuuliza tunaishi vipi na moto, na sisi hatukuwaambia. Mgeni na mwenyeji wote wamekosa. Lakini aliyelaumiwa ni Gordon, na aliyefunuliwa leso ni mimi. Tupeni mpaka Pasaka kama mlivyoahidi, hata kama zimebaki siku chache. Na tukiweza, kile kiti na ile sehemu ni vyetu. Msije mkasema ni zawadi kwa kina mama maskini. Tumevilipia kwa vifua."

Wathome alisema utaratibu wa kaunti haujawahi kuwa na kitu kama hicho, wachoma vichwa kwenye bodi. Alisema bila ubaya, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Elsie akasema kwamba wenye fedha watamuuliza maswali magumu, na angependa kuyajibu akiwa na watu wanaosema ukweli hata unapowaumiza. "Mpaka Pasaka," alisema. "Nimeahidi mbele ya watu." Wathome akakunjua shati lake, akakubali.

Sasa ikabaki vita ya nyumbani. Kina mama walikaa uwanjani, wengine wakimtazama Kasiva kama mkwe aliyeharibu harusi. Hakuwahubiria. Alimshika Truphena mkono, akampeleka kwenye tangi.

Tangi lile lilikuwa limefunikwa juu kwa turubai nene la mpira. Gesi ikijaa, turubai huvimba kama tumbo la mama mwenye mimba ya miezi tisa, na gesi ikitumika hulegea na kukunjamana. Saa ile lilikuwa limelegea kabisa.

"Mama Willis, nani alinifundisha kuacha moto?"

"Si ni mimi."

"Ulinifundisha kumwachia mwenzangu kitu cha kutumia. Shika hapa." Akauweka mkono wa Truphena juu ya turubai. "Moto wa mwenzako uko ndani humu, hauko kwenye jiko. Zamani ulikuwa unauacha juu ya jivu kwa sababu tairi halina tumbo la kuhifadhia. Leo ukiacha koki wazi, mwenzako atakuja akute hivi. Unaona lilivyolegea? Haya ndiyo majivu siku hizi. Tumekuwa tukiachiana majivu."

Truphena alibonyeza turubai, likabonyea mpaka ndani. Akabonyeza tena. Neno majivu lilikuwa limemwingia. "Tumekuwa tukifanyia watu hivi," alisema. "Kila siku, na nikienda nyumbani nalala vizuri."

Kesho yake Truphena ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye jiko. Alibabua vichwa vyake polepole kuliko kawaida, na wenzake wote waliacha kukwangua wakamtazama. Alipomaliza, alisimama na mkono kwenye koki kwa kitambo. Kisha akafunga. Moto ukazimika, na yule mwanamke mwenye mikono ya chuma akaanza kulia wazi wazi, bila kujificha, akamgeukia Kasiva, mwenye zamu inayofuata.

"Nimekuachia," alisema.

"Nimepokea," Kasiva akajibu, akawasha.

Hawakuwa wamepanga maneno hayo. Lakini aliyefuata aliyasema, na wa baada yake pia, na tangu siku hiyo hakuna anayefunga koki Kiamaiko bila kuyasema, na ole wako ufunge kimya. Mchana wa siku hiyo maji ya Kaha yalichemka mpaka wachinjaji wakalalamika kuwa yanaunguza. Jumamosi ya kuamkia Pasaka, siku ambayo mbuzi huchinjwa kwa wingi mno, gesi ilitosha kazi yote, na jioni turubai lilikuwa bado limevimba. Gordon alizunguka tangi akilipigapiga kwa kiganja, akicheka peke yake. "Mathe, nyinyi ni noma," alisema, akarudi kufukia mitaro yake. Kaha alimwondoa mlinzi getini. Kasiva alimwambia haitoshi, kwa sababu leso yake ilifunuliwa mbele ya watu. Kaha akaja uwanjani asubuhi kukiwa na wanunuzi tele, akaomba radhi kwa sauti ile ile anayotumia kugomba, kiasi kwamba waliokuwa mbali walidhani anawatukana.

Siku ya kutia sahihi, kikundi kizima kilikwenda ukumbini kikiwa kimevaa vitenge vya kufanana. Elsie alisoma mbele ya watu kwamba wanawake wa moto wa Kiamaiko ni wamiliki pamoja na wawekezaji, kwamba gesi yao inatangulia kabla ya ya hoteli yoyote, na kwamba wamepewa kiti kwenye bodi, chenye kura sawa na kiti kingine chochote. Alisema pia kwamba kuanzia sasa, kabla hajaweka tangi popote, atakwenda kwanza kukaa na watu wa mahali hapo kwenye moto wao. Makofi ya safari hii hayakuwa ya ramani.

Wathome alikuwa mezani akijaza taarifa za wajumbe wa bodi. Alimwita Kasiva, aliyechaguliwa na wenzake bila kupigiwa kura, akaandika jina lake, akaandika Lucky Summer. Kisha kalamu ikasita.

"Hapa pa kazi, mama, niandike mfanyabiashara? Ama mjasiriamali? Wengine wote hapa ni mameneja na mawakili. Inakaa vizuri zaidi."

"Andika mchoma vichwa."

Wathome alitabasamu kidogo. "Hii itasomwa na watu wengi, mama. Hata wa ng'ambo."

"Ndiyo maana nataka iandikwe hivyo," Kasiva alisema. "Wakiuliza mchoma vichwa anafanya nini kwenye bodi ya gesi, waambie waje Kiamaiko niwaeleze mwenyewe."

Wathome akaandika. Kasiva akainama juu ya karatasi, akahakikisha kwamba ameandika vile vile alivyomwambia, ndipo akachukua kalamu akatia sahihi.